Maziwa Kabla ya Usingizi

Kazi ya kwanza ya binti yangu hapa duniani ilikuwa kunilinda nisikutane na babu yake.

Kwetu Rungwe mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Hamsalimii, halitaji jina lake, na akimkuta njiani ghafla huinama kando ya migomba akajifunika kanga mpaka mzee apite. Tunasema mwanamke anamwogopa mkwe wake. Si kwamba mzee ni mkali, na baba mkwe wangu hakuwa mkali hata kidogo. Ni heshima, lakini heshima yenye woga wa kweli ndani yake, maana tulifundishwa kuwa mwanamke anayeivunja anaweza asizae tena, au yule aliyekwisha kumzaa akadhoofika na kufa. Niliolewa Masukulu muda si mrefu baada ya kumaliza darasa la nne, nikiwa mtu wa haya tangu utotoni, na kwa kweli desturi hiyo haikunilemea. Ilinipa ruhusa ya kunyamaza.

Mzee naye alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kutokeza penye kona ya migomba alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kizito na kifupi, kama mtu anayegonga mlango mara moja. Binti yangu alikisikia kabla yangu. Aliacha mchezo akaja mbio jikoni, macho yamemtoka kwa furaha.

"Mama, babu! Jifiche!"

Nami nilijificha.

Maneno yote tuliyohitaji kuambiana mimi na mzee yalipita kwake. Mzee alisimama uani akiwa ameligeuzia jiko mgongo, akasema kwa sauti: "Mke wangu, mwambie mama yako ng'ombe mwekundu amezaa." Alimwita mtoto "mke wangu", kama babu wote wanavyowatania wajukuu wao. Nami huku kwenye moshi nilisema: "Mwanangu, mwambie babu tumefurahi." Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini tulimngoja mtoto akimbie na ujumbe, amalize, ndipo tuendelee. Mara nyingine aliuongezea chumvi. "Babu, mama anasema maziwa ya kwanza ni yangu." Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama yako hajasema hivyo, mwizi wewe!" Na maziwa alipewa.

Mwaka binti yangu alioumwa, mume wangu alikuwa mbali kwenye kazi ya kujenga reli. Homa ilianza siku tuliyokuwa wote kwenye shamba la ujamaa, tukipalilia mahindi ya kijiji. Nilimwacha kwenye kivuli na watoto wenzake, na niliporudi nilimkuta amelala peke yake kwenye nyasi, amejikunja upande wa kulia. Tulidhani malaria. Dawa ya malaria haikumfanya kitu. Homa ilipanda jioni na kushuka asubuhi, akakonda, macho yakaanza kuwa na rangi ya manjano, na chini ya mbavu upande wa kulia kukawa na uvimbe ambao hakutaka uguswe. Aliacha kukimbia na ujumbe. Babu yake alikohoa kwenye kona, na mtoto aligeuza tu kichwa pale kwenye mkeka akasema polepole, "Mama, babu," bila kumalizia.

Hapo mzee alisema, akiwa nje ya ukuta, "Mke wangu, mwambie mama yako afunge nguo. Tunakwenda Tukuyu."

Alimbeba mwenyewe mgongoni hadi barabarani, mimi nikifuata nyuma kwa mbali, nimejifunika uso. Lori la ushirika lilipokuja yeye na mtoto walikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia ya kahawa. Mvua ilininyeshea njia nzima. Nilitazama mgongo wake kupitia kidirisha cha nyuma, na kichwa cha mwanangu kikicheza begani pake kila lori lilipoingia shimoni, na sikujua kama ni lori linalokitikisa au ni shingo iliyoishiwa nguvu.

Hospitali walimlaza siku hiyohiyo. Waliniambia ni ini. Ndani ya ini kulikuwa na jipu lililojaa usaha, na dawa za kumeza zilikuwa zimeshindwa. Lingeweza kupasuka lenyewe tumboni, na likipasuka hakuna la kufanya. Ilibidi apasuliwe na kuwekewa mpira wa kutolea usaha. Daktari mpasuaji alikuwa akitoka Mbeya, na angefika kesho yake na kurudi kesho hiyohiyo. Niliitikia yote kwa kichwa. Neno lililobaki masikioni mwangu ni moja tu walilotaja mwishoni, kwamba atapigwa nusu kaputi.

Neno hilo nililijua. Kijijini lilisemwa kwa sauti ya chini. Walisema mtu aliyepigwa nusu kaputi hana tofauti na maiti, ukimchoma hasikii, ukimwita haitiki, na kwamba wengine hupotea njia ya kurudi. Kisu sikukiogopa sana, maana kisu nilikuwa nakiona kila siku. Niliogopa usingizi.

Alasiri mtu wa usingizi alikuja wodini. Ndivyo wagonjwa walivyomwita. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe ya kufuma, mzaliwa wa Tukuyu, ila ukoo wake ulitoka pwani na nyumbani kwao walisema Kiswahili tupu, hata Kinyakyusa hakukijua. Baba yake, walisema, aliuza nguo sokoni. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatoa mfukoni kitu kama kawa dogo la kufunikia chakula, la waya, lililovikwa kitambaa chepesi cha shashi, akajiwekea puani mwenyewe, akapuliza.

"Hiki ni kibanda cha mbu," alimwambia binti yangu. "Pulizia, tuone kama mbu yumo."

Mtoto hakujua Kiswahili, lakini mchezo aliuelewa. Alipuliza. Mtu wa usingizi akaruka kama aliyeumwa na mbu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikaona meno ya mwanangu.

Kisha alinigeukia mimi. "Bibie, kesho nitadondosha dawa hapa juu ya shashi, tone kwa tone, naye ataivuta kwa pumzi. Ziko dawa mbili. Moja humlaza mtu upesi na haina harufu mbaya, lakini ni adui wa ini, na ini lake lina maradhi tayari. Kwa hiyo nitatumia etha. Inanuka na inachelewa. Tutavumilia."

Nilitazama sakafu.

"Sasa nisikilize. Kuanzia alfajiri asile wala asinywe. Hata maziwa. Usingizi huu si kama wa kitandani. Mtu akilala huu, koo nalo hulala. Kilichomo tumboni kikipanda, hakuna wa kukizuia kisiingie njia ya pumzi. Umenifahamu?"

"Ndiyo," nilisema. Nilitaka kuuliza swali moja tu, na midomo haikufunguka. Aliyeniulizia ni mama mmoja wa Kisiba kwenye kitanda cha jirani, aliyekuwa akimuuguza mwanawe aliyevunjika mguu, mwanamke wa maneno mengi.

"Bwana, huyu ni bubu kwa aibu. Anataka kujua kama mtoto ataamka."

Mtu wa usingizi hakucheka. "Nikimlaza mtoto simwachi. Mkono wangu unakaa kwenye taya lake na sikio langu kwenye pumzi yake mpaka afumbue macho anione sura yangu mbaya. Hilo ni langu. Kuahidi si kwangu, mama. Ni kwa Mungu."

Asubuhi mama mkwe alifika na lori la kwanza, amebeba kibuyu. Alisema ni maziwa mgando, yangu mimi, maana mama wa mgonjwa naye anahitaji nguvu. Nilimweleza maneno ya mtu wa usingizi, yote, kwa Kinyakyusa, na la maziwa nikalirudia. Aliitikia, "Ee, nimesikia." Mara nikasikia kikohozi barazani.

Baba mkwe alikuwa amelala kwa jamaa mjini na sasa alikuja kumwona mjukuu. Binti yangu aligeuza macho kwangu. Sikungoja aseme. Nilichukua nguo chafu nikatokea mlango wa nyuma, kwenye mabamba ya kufulia.

"We wa Masukulu!" mama wa Kisiba alinipigia kelele. Naye alikuwa amekuja kufua. "Unakimbia kikohozi? Sisi wenzio tunakimbia sindano!"

"Ni mkwe," nilisema.

"Kwetu tulibatizwa. Baba mkwe namsalimia mkono kwa mkono, na akichelewa kuleta sabuni namgombeza. Wewe utaingia hata mtaroni, shauri ya mzee mwenye mafua!"

Nilicheka kidogo, kwa vile alitaka nicheke. Lakini nilifua kama mtu anayepigana na nguo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za bati, na sikuweza kuliona jua nikajua ni muda gani umepita. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu.

Mama mkwe alikuwa amekaa peke yake juu ya blanketi, kibuyu mapajani.

"Wamemchukua," alisema. "Babu yake amembeba. Hakukubali kubebwa na mwingine, na yule wa kofia amesema babu aingie naye, amshike mpaka alale."

Kibuyu kilikuwa hakina kizibo. Kwenye mdomo wake, na kwenye pindo la kanga aliyokuwa amejifunika mwanangu, kulikuwa na weupe mbichi.

"Mama," nilisema. "Amekunywa?"

Mama mkwe alinitazama bila kificho chochote, kwa huzuni tu. "Kidogo. Nilimnywesha mtoto wakati babu yake alipotoka nje kuongea na nesi. Mwanangu, wanampeleka kwenye usingizi wa wafu. Kama hatarudi, atafika kwa wazee wetu na njaa? Waseme kwamba kwetu mtoto anaondoka bila hata maziwa, na zizi limejaa? Safari hii si ya kumtuma mtoto tumbo tupu."

Hakuwa amefanya kwa ukaidi. Hivyo ndivyo tulivyo. Hakuna mtoto anayetoka kwenye nyumba yetu kwenda hata kilima cha pili bila kutiwa kitu tumboni. Kwa safari kama ile, mama mkwe angewezaje? Nilimwomba aende akaseme. Alitikisa kichwa, akasema hajui Kiswahili, na kwamba maziwa si kitu cha kumdhuru mtoto aliyekua kwa maziwa.

Nilikimbia.

Chumba cha upasuaji kilikuwa mwisho wa ukumbi, na mlango wake ulikuwa nusu wazi. Nilisimama kabla ya kuufikia, kwa sababu nilimwona baba mkwe. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, uso wake umeelekea mlangoni, ameinama juu ya mtoto. Hatua moja zaidi na angeinua macho akanitazama. Miguu yangu ilikataa. Sitaki mtu adhani nilikuwa nafikiri. Mwili wenyewe ulikuwa umefunzwa, na ulikataa kama ng'ombe anavyokataa daraja.

Nilifanya jambo la kipumbavu. Nilikohoa. Nilikohoa kama yeye, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, ili aelewe kuwa kuna mtu na ageuke. Hakugeuka. Nani amewahi kusikia mwanamke akimkoholea mkwe wake? Harufu ilinifikia pale ukumbini, harufu tamu na kali inayochoma macho. Dawa ilikuwa imeanza kudondoka.

Ndipo nikajaribu njia yetu ya siku zote. Nilijificha nyuma ya ubao wa mlango nikapaza sauti: "Mwanangu! Mwambie babu umekunywa maziwa!"

Labda mzee alikuwa akimngoja mtoto, kama siku zote. Nikasema tena. Nikamsikia mtoto akinung'unika ndani ya shashi, sauti iliyokuwa ikienda mbali. Njia yetu moja tu, mimi na yule mzee, ilikuwa ile, na ilikuwa inalala. Na mtu wa usingizi hakujua Kinyakyusa.

Niliusukuma mlango nikaingia. Kanga ilikuwa imeniangukia mabegani na sikuinua mkono kuirudisha. Nilisimama mbele ya baba mkwe wangu, uso wazi, hatua chache tu kati yetu, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia ikitoka kwangu:

"Simamisha! Amekunywa maziwa!"

Mtu wa usingizi hakuuliza chochote. Kabla sijafunga mdomo alikuwa ameondoa lile kawa usoni mwa mtoto na kumgeuza ubavu, kichwa chini. Na hapohapo yakaja. Maziwa yalitoka yameganda, mapande meupe, yakamwagika juu ya meza na juu ya mikono yake. Mtoto alikohoa, akalia, akakohoa tena. Mtu wa usingizi alimwingiza kidole kilichoviringwa kitambaa akamsafisha mdomo, akiegemeza sikio kifuani pake.

"Afadhali," alisema mwishowe. Jasho lilikuwa limemlowesha kofia. "Afadhali yametoka koo lake likiwa macho."

Daktari mpasuaji alikuwa amesimama na mikono yake imenawishwa, ameinyanyua juu. "Basi tumwache?"

"Tumsubiri, daktari. Awe wa mwisho. Tumbo litulie kwanza."

"Lazima niondoke kabla ya giza."

"Utaondoka."

"Haya. Usingizi ni wako, kisu ni changu. Mleteni mwingine."

Nilipogeuka, baba mkwe wangu alikuwa ameelekeza uso ukutani, paji la uso karibu liguse chokaa. Alitoka akipapasa ukuta, akapita, akaenda. Alitoka bila kukohoa.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mtoto alilala kwenye kitanda chake, homa imepanda, upande wa kulia umekaza kama ngoma, na kila alipojinyoosha niliona kama jipu linapasuka. Nilikuwa na hofu mbili na zilikuwa zinasaidiana. Kama hatapasuliwa leo, ini litamuua. Kama atapasuliwa, atakwenda kwenye ule usingizi, na mama yake ni mwanamke aliyemtazama baba mkwe usoni asubuhi hiyohiyo. Nani alijua lipi litamwangukia? Mama mkwe alikaa chini karibu na ukuta akilia bila sauti. Hakunilaumu, nami sikumlaumu. Alichosema ni kimoja tu: "Nilitaka asiende na njaa."

Kisha mtu wa usingizi alirudi na lile kawa lake, akitaka kuanza mchezo upya. Binti yangu alipoliona alipiga ukelele uliosimamisha wodi nzima. Alijua sasa ni kitu gani. Alifunika pua kwa mikono yote miwili.

"Hapana, hapana," alisema mtu wa usingizi akirudi nyuma. "Sitamlaza mtoto kwa nguvu. Akilia, kamasi na mate vinajaa njia ya pumzi, na etha yenyewe inaviongeza. Namtaka ametulia. Nani humtuliza?"

"Babu yake," nilisema kwa sauti ya chini.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Basi njooni wote wawili."

Ilibidi nimweleze. Sikumbuki nilitumia maneno gani, najua tu kuwa nilikuwa nazungumza na vidole vyangu vya miguu. Nilimwambia kuwa sisi wawili hatuwezi kuwa chumba kimoja, na kwamba asubuhi nimeshaharibu, na mzee ameondoka, na huenda amekwenda kabisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alikwenda pembeni ya wodi, palipokuwa na lile pazia lenye fremu na magurudumu ambalo manesi huwasitiri nalo wagonjwa, akalisukuma. Magurudumu yalilia kama panya.

"Hili linatosha?" aliniuliza.

Nililitazama. Kitambaa cha kijani, kimefuliwa mpaka kimefifia, lakini uso hauonekani ng'ambo yake. "Linatosha," nilisema.

Mama wa Kisiba alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. "Mzee nitamleta mimi. Nimemwona kwenye ukingo wa maua, mvua inampiga kama kuku." Alitoka, na kupitia dirishani nikamsikia: "Shikamoo, baba! Mkeo anakutaka! Yule mdogo, si yule mzee! Amesema bila wewe halali!"

Nilisikia, baada ya kitambo, kikohozi barazani. Kwa maisha yangu yote sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu namna ile.

Tulimwingiza mwanangu hivyo. Pazia lilisimama kwenye ubavu wa meza, mzee kule, mimi huku. Mkono wake wa kulia aliushika babu, wa kushoto ulipita pembeni ya fremu nikaushika mimi. Ulikuwa wa moto. Mtu wa usingizi alikaa kichwani.

"Huyu ni nani wako, mzee?" aliuliza, ili mtoto asikie watu wakizungumza kwa utulivu.

"Huyu? Mke wangu huyu," baba mkwe alijibu kwa Kiswahili chake kizito. "Mke mdogo. Mkolofi sana. Anamalisa masiwa yote."

"Mahari umetoa?"

"Ng'ombe mwekundu, na ndama wake."

"Ghali!"

Kisha mzee aliacha Kiswahili, akaanza kumtajia mjukuu wake ng'ombe wa zizini, mmoja mmoja, kwa rangi zao na tabia zao, yule anayepiga teke, yule anayejificha migombani. Harufu tamu ikapanda. Nilihisi vidole vya mwanangu vikinibana, halafu vikalegea, halafu vikawa si vya mtu. Mzee aliendelea kutaja ng'ombe. Nadhani alikwisha kuwamaliza wake akawa anataja wa majirani.

"Amelala," alisema mtu wa usingizi. "Tokeni sasa."

Tulitokea milango miwili tofauti.

Sitaeleza muda ule wa kungoja, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nilitazama mvua. Walipomrudisha, mpira ulikuwa unamtoka ubavuni ukiingia kwenye chupa, na ndani ya chupa kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo. Daktari alisema ni kingi kuliko alivyodhani na kimetoka vizuri, akaenda zake Mbeya. Mtu wa usingizi hakwenda. Alimlaza ubavu, akamwinua kidevu.

"Shika hapa kama nilivyoshika," aliniambia. "Ukiacha, ulimi unarudi nyuma. Weka kiganja chako mbele ya pua. Unasikia?"

Nilisikia pumzi, nyembamba, inayonuka etha.

"Asipewe maji hata akilia. Mloweshe midomo tu. Atachelewa kuamka, mwili wake umechoka. Nipo kwenye kiti hiki."

Alikaa kweli. Nami nilishika kidevu kile mpaka mkono ukafa ganzi. Nilimwita mwanangu kwa jina, hakuitika. Nilimfinya sikio, hakusikia. Yote waliyoyasema kijijini yalikuwa kweli, hana tofauti na maiti, isipokuwa ule upepo mdogo kwenye kiganja. Ulipokawia kidogo, nilisogeza kiganja karibu zaidi kuungoja.

Kikohozi kilitoka nje ya dirisha, chini yake kabisa.

"Mke wangu," sauti ya baba mkwe ilisema, polepole. "Ugonile?" Hiyo ni salamu yetu ya kila siku, ya kuuliza kama mtu amelala salama.

Kope za mwanangu hazikutikisika.

"Mke wangu. Muulize mama yako kama unapumua."

Nilitazama dirisha. Kilichoonekana ni ukingo wa kofia yake tu, umelowa, umeelekezwa kwenye mvua. Niliinama kwenye sikio la binti yangu aliyekuwa hasikii. "Mwanangu," nilisema kwa sauti ya kufika nje, "mwambie babu unapumua."

Tulingoja, wote wawili, muda ambao mtoto angetumia kukimbia kutoka jikoni hadi uani.

"Mke wangu," alisema tena. "Mwambie mama yako asubuhi mle ndani mlikuwa na moshi wa dawa. Macho yaliniwasha, nikayafumba. Sikuona uso wa mtu. Nilisikia sauti tu, na sauti ilisema vizuri."

Hakukuwa na moshi wowote mle ndani. Mtu wa usingizi kwenye kiti chake hakujua tunasema nini, lakini alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyemo msibani au harusini. Kidevu cha mwanangu kilikuwa mkononi mwangu, na nikahisi kimesogea.

Alimeza mate. Uso ukajikunja kwa uchungu. Kope zilitetemeka, zikafunguka nusu, macho yakazunguka bila kunipata, na nje mzee, ambaye hakujua, akakohoa tena.

Midomo ya mwanangu ilikuwa mikavu, na sauti ilitoka kama ya mtu mzima aliyechoka.

"Mama," alisema. "Babu. Jifiche."

Nilijificha. Niliuzamisha uso wangu kwenye shuka lake, karibu na shingo yake, nikabaki humo.